Daftari la shangazi, blogu na mlisho: nianze na lipi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninasoma stashahada ya usimamizi wa biashara hapa Morogoro, mwaka wa pili. Muhula huu tumepewa kazi ya kueleza kanzidata, usambazaji wa maudhui kwa RSS, na blogu ya biashara, kisha tuonyeshe vinavyoweza kusaidia biashara ndogo moja tunayoifahamu. Nimechagua duka la shangazi yangu anayeuza mbegu, mbolea na dawa za mimea. Kila mada nimeisoma peke yake na nimeielewa kidogo kidogo, ila sioni zinakutana wapi. Wenzangu wanasema RSS ni ya zamani, imeshakufa. Nianze na lipi, na shangazi atanufaika na nini hasa?"

Marahaba, mwanangu.

Nimefurahi kwamba umeuliza zinakutana wapi. Vitabu vingi vinazipa mada hizi sura tatu tofauti, na mwanafunzi anaingia kwenye mtihani akijua maana ya kila neno bila kujua kwamba alikuwa anaelezwa kitu kimoja. Kanzidata ni taarifa zilizopangwa, kwa kawaida kwenye majedwali, ili ziweze kuulizwa maswali. Blogu ni kanzidata iliyovishwa nguo ili watu waisome. Mlisho wa RSS, yaani faili ambalo blogu hulitoa ili programu nyingine zijue kuna makala gani mpya, ni kanzidata hiyo hiyo ikisomwa na mashine nyingine, lililo jipya likitangulia. Kwa hiyo anza na kanzidata, tena anza kwa penseli na karatasi kabla hujagusa kompyuta. Ukiishika hiyo barabara, mbili zilizobaki hazitakusumbua.

Twende dukani. Mwombe shangazi akuonyeshe daftari lake la mauzo. Nimekaa na wenye maduka ya pembejeo wengi, na madaftari yao yanafanana: tarehe, jina la mteja, namba ya simu, alichonunua, kiasi, bei. Mama mmoja wa Mlali aliyenunua mara nane ameandikwa mara nane, hapa "Mama Asha", pale "Mama Asha Mlali", kwingine "M. Asha". Alipobadilisha laini ya simu, namba mpya iliandikwa kwenye mstari wa mwisho tu, na ile ya zamani bado imekaa kwenye mistari saba. Sasa jiulize: shangazi akitaka kuwapigia wote walionunua mbegu ya nyanya masika iliyopita, atafanyaje? Atakesha na daftari, na bado atampigia Mama Asha kwenye namba isiyopatikana.

Tatizo hilo hilo, kwa ukubwa wa kutisha, ndilo lililomkabili Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya kompyuta ya IBM huko San Jose, California. Kompyuta za wakati ule zilihifadhi taarifa kwa kuzifunga pamoja kwa njia maalumu, na mwandishi wa programu alilazimika kuijua njia: ingia hapa, fuata kile, shuka kwenye tawi lile. Mpangilio ukibadilika, programu zinavunjika. Mwaka 1970 Codd alichapisha andiko akipendekeza kwamba kila kitu kiwekwe kwenye majedwali, na majedwali yafahamiane kwa thamani zilizomo ndani yake. Mwenye kuuliza aseme anataka nini, asilazimike kujua mashine imekipanga wapi. Miaka minne baadaye wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuulizia majedwali hayo. Waliiita SEQUEL, na baadaye ikafupishwa kuwa SQL kwa sababu jina la kwanza lilikuwa tayari ni alama ya biashara ya kampuni nyingine. Zaidi ya nusu karne imepita, na hicho ndicho utakachoandika wewe kwenye kazi yako.

Kwa duka la shangazi, majedwali matatu yanatosha kuanzia: wateja, bidhaa, mauzo. Kila mteja anapata mstari mmoja tu maishani, na namba isiyobadilika. Hiyo ndiyo tunaiita ufunguo. Usitumie jina kuwa ufunguo, maana akina Mama Asha ni wengi. Usitumie simu pia, kwa sababu laini hubadilishwa. Mpe namba tupu, 1, 2, 3, isiyo na maana yoyote nje ya jedwali. Kutokuwa na maana ndiko kunakoifanya isibadilike. Kisha kwenye jedwali la mauzo huandiki "Mama Asha Mlali" tena. Unaandika kwamba mteja namba 12 alinunua bidhaa namba 5, tarehe fulani, pakiti 3, kwa bei fulani. Mama Asha akibadilisha laini, unarekebisha mahali pamoja, na mauzo yake yote yanaifuata namba mpya yenyewe.

Na lile swali la masika linajibiwa hivi:

SELECT DISTINCT wateja.jina, wateja.simu
FROM mauzo
JOIN wateja ON wateja.namba = mauzo.mteja
JOIN bidhaa ON bidhaa.namba = mauzo.bidhaa
WHERE bidhaa.zao = 'nyanya'
AND mauzo.tarehe BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-05-31';

Lisome kwa sauti kwa Kiswahili: nipe majina na simu, bila kurudia, kutoka kwenye mauzo, ukiyaunganisha na wateja kwa namba zao na bidhaa kwa namba zake, pale ambapo zao ni nyanya na tarehe iko kati ya Machi mosi na Mei 31. Ukiweza kulisoma hivyo mbele ya mwalimu wako bila kutazama karatasi, umeshapita nusu ya somo.

Kabla sijaliacha jedwali, mambo matatu ambayo sijayaona kwenye vitabu vya huko nje, na yanatuumiza sisi huku. Namba ya simu ihifadhi kama maandishi, siyo kama tarakimu. Ukiiweka kama tarakimu, sifuri ya mwanzo inaliwa, na 07 inageuka 7. Bei weka shilingi nzima nzima, na kwenye mauzo andika bei iliyolipwa siku ile, hata kama bei ya sasa iko kwenye jedwali la bidhaa, la sivyo siku mbolea ikipanda, hesabu za mwaka jana nazo zitapanda. Na saa! Shangazi akikuambia mteja alikuja saa mbili asubuhi, mashine inataka 08:00. Niliwahi kupokea mauzo ya mwezi mzima yaliyoingizwa na kijana mwaminifu kabisa aliyeandika saa kama anavyoisema, na kwa mujibu wa ripoti duka lilikuwa linafunguliwa saa nane za usiku. Tofauti ya saa sita haijionyeshi mpaka uhitaji kujua wateja hujaa wakati gani.

Kwa zana, chukua SQLite, programu ndogo ya kanzidata. Ilianzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ni bure, na kanzidata yote inakaa kwenye faili moja unaloweza kulinakili kwenye kadi ya kumbukumbu. Ukiwa na simu ya Android umeitumia miaka yote bila kujua. Programu nyingi za humo zinaweka taarifa zake kwenye SQLite. Haihitaji seva (kompyuta ya kuhudumia nyingine kwenye mtandao) wala bando kila siku.

Sasa blogu. WordPress, programu ya kuendeshea blogu, ilitolewa tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, wakiendeleza programu ya Mfaransa mmoja, Michel Valdrighi, aliyekuwa ameiacha. Ukiisakinisha inafungua majedwali 12 kwenye programu ya kanzidata ya MySQL au ndugu yake MariaDB. Nataka uyatazame kwa macho yako, siyo kuyasoma. Kuna wp_posts, ambamo kila makala ni mstari mmoja: namba, mwandishi, tarehe, kichwa, matini, hali yake kama imechapishwa au bado rasimu. Kuna wp_users yenye waandishi na wp_comments yenye maoni. Na kuna wp_term_relationships, ambalo wanafunzi hulipita kwa haraka, nami ndilo ninalotaka ulisimamie.

Makala moja ya shangazi inaweza kuhusu nyanya na bilinganya pamoja. Na nyanya zitakuwa na makala nyingi. Ukiweka safu ya "zao" ndani ya jedwali la makala, utaandika nini humo, "nyanya, bilinganya"? Siku ukitafuta bilinganya utaanza kupekua ndani ya sentensi, na umerudi kwenye daftari. Dawa yake ni jedwali la tatu lisilo na jambo lingine ila namba mbili: makala 47 na zao 3, makala 47 na zao 8. Kwa msingi, hilo ndilo wp_term_relationships. Jedwali la mauzo uliloligundua dukani linafanya kazi hiyo hiyo: linakutanisha mteja na bidhaa. Ukiona hivyo, utaelewa kwamba blogu na duka vimejengwa kwa mkono mmoja.

Na tambua kwamba makala yako haijakaa mahali kama "ukurasa". Mtu akibofya kiungo, programu inakwenda kuuliza majedwali, inachukua kichwa, matini, jina la mwandishi na orodha ya mazao, inavipanga, inampa. Akiondoka, ukurasa ule haupo tena mpaka aombe mwingine (isipokuwa umewekewa hifadhi ya muda, ambayo ni ya kuharakisha tu). Hii ina faida kubwa kibiashara. Usiandike bei ya mbegu ndani ya matini ya makala. Bei ikae kwenye jedwali la bidhaa, na ukurasa uisome kutoka huko. Nimeona mteja akisafiri kutoka Kilosa na picha ya ukurasa kwenye simu, akidai bei iliyoandikwa miaka miwili nyuma, na mwenye duka hakuwa na la kujitetea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa tofauti kati ya blogu na kanzidata ulitokea kwa majirani zetu Kenya. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, mwanasheria mwenye blogu iliyoitwa Kenyan Pundit, alikuwa akipokea habari nyingi kutoka kwa watu walioshuhudia mambo yasiyotangazwa. Akazichapisha. Lakini blogu hupanga mambo kwa tarehe, na la leo hulifunika la jana. Mtu aliyetaka kujua yaliyotokea Eldoret peke yake, au yametokea mara ngapi, alilazimika kusoma yote. Mwanzoni mwa Januari 2008 akaomba mafundi wa kompyuta waziweke habari hizo kwenye ramani. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakaitikia, na kwa siku chache tovuti waliyoiita Ushahidi ikawa hewani, ikipokea taarifa kwa wavuti na kwa ujumbe wa simu. Habari zilikuwa za aina ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kila moja sasa ilikuwa na safu zake: mahali, siku, aina ya tukio. Ikaweza kuhesabika. Weka mfano huu kwenye kazi yako. Ni wetu, na unaeleza jambo hili vizuri kuliko mchoro wowote.

Shangazi aandike nini? Ashikilie maswali anayoulizwa kaunta kila siku. Hapo ndipo biashara nyingi zinapokosea: zinafungua blogu na kuijaza matangazo, "karibuni tuna mbegu bora", na hakuna anayetafuta maneno hayo. Mkulima aliyeona majani ya nyanya yamechorwa michirizi myeupe anatafuta "kantangaze". Jina hilo la mtaani la Tuta absoluta, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini, ndilo atakaloliandika kwenye simu yake, siyo jina la kitaalamu. Makala inayosema kwa Kiswahili cha shambani namna ya kumtambua mapema, kwa picha iliyopigwa Mlali na siyo ya kudownlodi, italeta watu wenye shida ya kweli, na baadhi yao watauliza duka liko wapi. Makala nyingine ieleze namna ya kutambua mbegu halali na kusoma lebo ya ubora inayotolewa na TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu ambayo makao yake makuu yako hapo hapo Morogoro. Mkulima aliyepoteza msimu mzima kwa mbegu bandia hatasahau ni nani aliyemfundisha kusoma lebo. Kama kuna jambo la kipimo cha dawa, mpeleke bwana shamba aisome kabla haijachapishwa. Neno lililokosewa kwenye blogu ya nguo halimdhuru mtu; kwenye blogu ya viuatilifu linadhuru.

Kwa historia yetu, Ndesanjo Macha alikuwa akiblogu kwa Kiswahili kwenye blogu yake Jikomboe wakati wengi hapa nchini hawajalisikia neno blogu, na Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa habari, alifungua yake mwaka 2005. Michuzi alifaulu kwa jambo ambalo halina uhusiano na teknolojia: kila ukifungua, kulikuwa na kipya. Shangazi hawezi kuandika kila siku na hana haja. Makala moja kwa wiki, ikifuata kalenda ya kilimo, inamtosha.

Na hapa ndipo mlisho unapoingia, kwa sababu aliyechapisha mara moja kwa wiki hawezi kutarajia watu waje kuchungulia kila siku.

RSS ilitoka Netscape, kampuni ya kivinjari cha wavuti, mwezi Machi 1999, kazi ya Ramanathan Guha na Dan Libby, ili ukurasa wao wa My Netscape ukusanye vichwa vya habari kutoka tovuti nyingine. Netscape ikaitupa mkono. Dave Winer wa UserLand akaiendeleza, kundi jingine likatoa toleo lao la 1.0 mwishoni mwa 2000 lenye mtazamo tofauti kabisa, Winer akatoa 2.0 mwaka 2002, na waliochoshwa na mvutano wakatengeneza Atom, iliyokubaliwa kama kiwango rasmi Desemba 2005. Kwa mtihani jua tu kwamba RSS 2.0 na Atom ndizo zilizobaki na kwamba visomaji, yaani programu za kufuatilia milisho, karibu vyote vinazielewa zote mbili. Usipoteze usiku wako kwenye ugomvi wa matoleo.

Ukifungua mlisho wenyewe utaona ni faili la maandishi la XML, yaani maandishi yaliyowekewa alama zinazoonyesha kila kipande ni nini. Juu kuna maelezo ya blogu, na chini yake vipengele, kila kimoja na kichwa, kiungo, matini, tarehe, na kitu kinachoitwa guid. Unavitambua? Ni safu za wp_posts. Programu imeuliza jedwali "nipe makala zilizochapishwa, mpya kwanza, kumi tu", na kumi ndiyo idadi ya kawaida ya WordPress, kisha badala ya kuzipamba kwa rangi imezitoa kavu. Na guid ni ule ufunguo tuliouzungumza dukani, namba isiyobadilika ya Mama Asha, ila safari hii unasafiri nje ya nyumba yake. Kisomaji cha msomaji kikiona guid ambayo hakijawahi kuiona, kinajua kuna makala mpya. Kikiiona tena, kinanyamaza. Ndiyo maana mtu akihamisha blogu kizembe na guid zikabadilika, wasomaji wake wote huamka na kukuta makala kumi za zamani zimerudi kama mpya. Na ndiyo maana pia, shangazi akiirekebisha makala ya masika ya mwaka jana, visomaji vingi havitaitangaza upya; aandike fupi nyingine inayoelekeza kwenye ile iliyorekebishwa.

XML haina huruma kama kurasa za kawaida za wavuti. Ukurasa wenye kosa dogo utafunguka tu, umepinda kidogo. Mlisho wenye kosa dogo unakataa wote. Kosa la kwanza ninalolikuta ni alama ya & kwenye kichwa, "Mbegu & Mbolea", iliyowekwa vivyo hivyo bila kuandikwa kwa namna XML inavyoitaka, yaani &. Kosa la pili ni tarehe. Kwa RSS lazima iwe kwa umbo hili: Mon, 03 Mar 2025 08:00:00 +0300. Kifupi cha siku na mwezi ni cha Kiingereza hata kama blogu nzima ni ya Kiswahili. Ukiandika Jumatatu, kisomaji hakitaelewa. Hiyo +0300 ni saa za Afrika Mashariki, na 08:00 ni ile saa mbili ya asubuhi tuliyoizungumza. WordPress inakufanyia haya yote, lakini kazi yako ukiandika mlisho mmoja kwa mkono na kuupitisha kwenye kikaguzi cha bure cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwalimu ataona kwamba umeelewa kilicho chini.

Wenzako wanasema imekufa. Naelewa wanakoitoa: tarehe 1 Julai 2013 Google ilifunga Google Reader, kisomaji kilichokuwa kinatumiwa na wengi, na vijana waliokuja baadaye hawakukiona. Lakini sikiliza podikasti yoyote kwenye Apple Podcasts: karibu kila mara kilicholeta kipindi kipya kwenye simu yako ni RSS, kwa kipengele kidogo kinachobeba anwani ya faili la sauti, ukubwa wake na aina yake. Huduma za kutuma jarida kwa barua pepe zinasoma mlisho na kutuma zenyewe makala mpya ikitoka. Tovuti za kukusanya habari zinasoma mlisho. Kilichopungua ni watu wanaofungua kisomaji kwa mkono.

Kwa hiyo nitakuambia kweli kuhusu duka la shangazi: sitarajii wakulima wa Mlali wafungue kisomaji cha milisho. Wao wako WhatsApp, na WhatsApp haitauvuta mlisho yenyewe. Kiungo cha makala mpya shangazi atakibandika kwa mkono kwenye kundi la wateja. Faida ya mlisho kwake iko kwingine. Ofisa ugani, mwandishi wa habari za kilimo, mwanafunzi wa chuo kikuu cha kilimo SUA, mwenye tovuti ya wakulima Iringa: hao wanaweza kujiunga, na mmoja wao akiichukua makala akaiweka na kiungo chake kwa watu wake, imefika mbali bila shangazi kulipia tangazo. Na kuna sauti. Mkulima anayechoka kusoma kwenye kioo kidogo anaweza kusikiliza dakika tano shambani. Dakika tano za maneno matupu kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 2.4, bando la kawaida linaimudu. Mlisho ule ule, jedwali lile lile, safu moja tu imeongezwa.

Jambo jingine dogo linalonigusa kwa sababu ya bei za intaneti zetu: kisomaji kizuri kikirudi kuuliza "kuna jipya?", kinataja alama ya toleo lililopita, na seva ikiona hakuna kilichobadilika inajibu kwa namba 304 peke yake, bila kutuma faili. Kuuliza mara ishirini kwa siku hakugharimu karibu kitu.

WordPress itakuuliza kama mlisho ubebe makala nzima au dondoo. Washauri wa biashara wengi watakuambia dondoo, ili msomaji alazimike kuja kwenye tovuti. Mimi nasema makala nzima, na nina sababu inayoniuma hadi leo. Miaka ya nyuma nilitunza blogu ya chama kimoja cha wafugaji. Kampuni iliyokuwa inahifadhi tovuti yetu ilipata hitilafu kwenye seva, na tulipouliza nakala rudufu tukaambiwa hakuna. Sisi wenyewe tulikuwa tumezitegemea za kwao. Miaka mitatu ya maandishi ilipotea kwa usiku mmoja. Kilichotuokoa ni mwanachama mmoja aliyekuwa amejiunga na mlisho tangu mwezi wa kwanza, kwa programu iliyohifadhi kila kitu kwenye kompyuta yake. Kwa kuwa mlisho wetu ulibeba makala nzima, tulirudisha karibu maandishi yote kutoka kwake, moja baada ya nyingine, kwa wiki mbili. Picha hazikurudi. Majina ya waliokuwa wametoa maoni na ushauri wao hayakurudi. Tangu hapo, kila kanzidata ninayoigusa naichukulia nakala kila wiki, na mara moja kwa miezi mitatu naifungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine nione kama kweli inafufuka. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu usiihesabu.

Kwa sababu hiyo pia sikushauri shangazi aweke maandishi yake yote Facebook peke yake. Atumie Facebook, Instagram na WhatsApp kupeleka viungo, lakini makala ikae kwenye kanzidata yake, kwenye jina la kikoa alilolipia mwenyewe.

Kuhusu sheria, andika aya moja kwenye kazi yako, usiiache. Majina na simu za wateja ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Shangazi awaombe wateja ridhaa kabla ya kuwatumia ujumbe, na jedwali la wateja lisikae kwenye simu isiyo na nywila. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya 2020 na kurekebishwa baadaye, nazo zinahusu blogu. Ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama ya kwake inahitaji leseni kabla ya kuifungua, siyo baada.

Sasa ufanye nini wiki hii. Kaa na shangazi saa moja, nakili mistari 50 ya daftari lake kama ilivyo, na makosa yake yote. Chora majedwali matatu kwa penseli. Amua pamoja naye ni akina Mama Asha wangapi hasa wamo humo. Yeye tu ndiye anayejua, na hapo ndipo utakapoelewa kwamba kazi ngumu ya kanzidata hufanyika kabla ya kompyuta kuwashwa. Ingiza kwenye SQLite, jaribu lile swali la nyanya. Likijibu sawasawa, ongeza jedwali la makala, andika makala moja tu ya kantangaze, na utoe mlisho wenye kipengele kimoja kwa mkono wako. Nipigie picha ya mchoro wa penseli kabla hujauingiza mahali popote, nikukague pale namba ya simu itakapokuwa imejirudia.